Vitabu Vilivyoteremka kwa Njia ya Mkato

Kila mwaka unapokaribia kuisha, baraza langu hapa Same linageuka ofisi. Wanakuja wazazi vijana, mmoja ameshika simu, mwingine ameshika mkono wa mtoto, wananiamkia vizuri, wanakunywa chai yangu, halafu swali lao ni lile lile: "Mama, tumpeleke shule gani?" Wengine wameshanakili matokeo ya darasa la saba ya shule zote za jirani na kuzipanga kama timu za mpira. Nawapenda sana kwa bidii hiyo. Natamani tu wangeanza na swali lingine.

Nimekagua shule za msingi kwa miaka mingi, za tambarare na za milimani, tangu enzi za kupanga foleni ya sabuni mpaka enzi za maduka kujaa sabuni za kila rangi na sisi hatuna cha kununulia. Sasa nimestaafu na magoti hayataki tena mlima, lakini likitajwa neno shule damu yangu bado inachemka. Kwa hiyo nivumilieni nikiruka huku na huku. Sitawaambia shule ya kumpeleka mtoto. Nitawasimulia jinsi nilivyoaibika, nanyi mtaokota humo mnachokitaka.

Aibu yangu ina shule mbili. Moja nitaiita Jiweni na nyingine Mferejini, maana majina yake halisi hayana haja na baadhi ya walimu wake bado tunakutana sokoni. Zote ziko milimani juu ya Same. Barabara ya gari inapanda kutoka mjini kwa kona nyingi, inafika Jiweni kwanza, halafu inazunguka mlima hadi Mferejini, ambako ni juu zaidi. Lakini kwa miguu kuna njia ya mkato kutoka Mferejini hadi Jiweni, inapita katikati ya migomba kando ya mfereji wa maji. Kushuka ni mbio tu. Kupanda, muulizeni aliyepanda. Naomba mshike hilo kichwani, bila hilo hadithi yangu haiendi.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Mbwambo, mkaguzi wa zamani mwenye maneno machache na miguu mirefu. Siku ya kwanza tu aliniambia, "Binti, mkaguzi wa kwenye gari hukagua gari." Sikumwelewa. Nilidhani anasema hivyo kwa sababu yeye kila tukipanda mlima alitapika kwenye kona ya nne, na dereva alishajua mahali pa kusimama. Mimi nilikuwa kijana mwenye kiherehere, natoka kufundisha, nimepewa faili na kalamu nyekundu, na nilikaa kiti cha mbele cha Landrova kama bibi harusi.

Siku niliyopanda kukagua Jiweni bila yeye, nilifurahi kupita kiasi. Watoto walikuwa wamejipanga wanaimba, mawe ya kuzunguka bustani yamepakwa chokaa, na darasani kila watoto wawili wana kitabu chao. Nyie hamuwezi kujua maana ya jambo hilo. Miaka ile kitabu kimoja kilisomwa na dawati zima na dawati la nyuma yake. Chaki ilikatwa vipande vitatu. Mwalimu alipata mshahara wa mwezi ambao yeye mwenyewe alishausahau. Halafu hapa vitabu vimejaa, na vyote vimevikwa karatasi ya mifuko ya saruji, pembe zimekunjwa safi kabisa. Nikaandika kwenye ripoti, na maneno nayakumbuka kwa sababu nilijivunia: "Vitabu vinatosha na vimewekewa majalada nadhifu. Hii ni shule ya kuigwa." Tukalishwa makande na maziwa ya mgando, tukaagana kwa vigelegele.

Mchana huo huo tukafika Mferejini. Watoto wengi wamekaa kwenye magogo, na darasa la sita zima lina vitabu vitano. Nikamuuliza mwalimu mkuu vitabu vingine viko wapi. Alikuwa mtu mpole, Mwalimu Nathanaeli, amevaa sweta la kijani lililotiwa viraka kwenye viwiko. Alitazama viatu vyake, akasema, "Ndivyo hivyo, mkaguzi." Nikaandika: "Vitabu hakuna. Uongozi dhaifu." Nikaweka saini yangu ndefu yenye mkia.

Kabla sijaendelea, niwape kitu cha mkononi msije mkasema bibi kawapotezea muda. Ukienda kutazama shule, nenda siku ya gulio. Siku ya kawaida kila shule ina walimu na watoto. Siku ya gulio utajua walimu wangapi wana biashara na watoto wangapi wametumwa kubeba ndizi. Pili, omba kwenda chooni, na uende kile cha watoto, usikubali kuelekezwa cha walimu. Hutahitaji kuuliza mengi baada ya hapo. Tatu, mwombe mtoto yeyote akusomee, lakini umfungulie wewe katikati ya kitabu. Nimeshakutana na mtoto akanisomea ukurasa wa kwanza kama maji, kumbe kitabu amekishika juu chini. Alikuwa amekariri kutoka kwa kaka yake aliyepita darasa lile mwaka uliotangulia. Nilimpenda mtoto yule, na kwa kukariri vile alikuwa na kichwa kuliko mimi, lakini kusoma hakujua.

Na hili la nne ndilo ambalo watu wanalisahau. Msiulize darasa la saba lina mwalimu gani. Kila mwalimu mkuu anayetaka sifa anapeleka mwalimu wake hodari la saba, kwa sababu ya mtihani. Ulizeni la kwanza lina nani. Huko ndiko mtoto wenu anakoanzia, na huko ndiko shule mbaya huficha mwalimu wasiyemtaka.

Sasa nije kwa mwanangu.

Mume wangu, Elisante, alikuwa karani kwenye shamba la mkonge huko tambarare. Mashirika yalipoanza kufungwa na mengine kuuzwa, akapunguzwa kazini. Watu waliokuja kukata mkonge kutoka kila pembe ya nchi wakawa wanarudi kwao au wanatandika mitumba kando ya barabara kuu. Sisi tulikuwa tumepanga chumba Same, kodi ikatushinda, tukapanda mlimani kwenye shamba la baba mkwe. Mimi nikawa nashuka ofisini Jumatatu na kurudi Ijumaa. Na shamba la baba mkwe liko kijiji gani? Mferejini. Shule ya jirani, ile ambayo mtoto wangu angeenda kwa miguu yake na kurudi kula nyumbani, ilikuwa ile ile niliyoimaliza kwa saini yenye mkia.

Binti yetu, Nakijwa, alikuwa anakaribia miaka saba, na alikuwa na kigugumizi. Si kile kidogo cha mtu mwenye haraka. Neno lilikuwa linamkwama mpaka mishipa ya shingo inasimama na macho yanajaa machozi. Tulipokuwa Same alikwenda chekechea miezi michache. Mwalimu mmoja, kwa mzaha tu, akamwigiza mbele ya wenzake, watoto wakacheka. Tangu siku ile Nakijwa aliacha kabisa kusema mbele ya mtu asiye wa nyumbani. Niliogopa jambo moja na nililala nalo na kuamka nalo: akipata mwalimu mwingine wa namna ile, atanyamaza moja kwa moja.

Elisante yeye hakuona shida. Jioni moja alitoa nakala ya ripoti yangu kwenye sanduku, akaiweka mbele yangu juu ya meza.

"Mama Nakijwa, hii saini ya nani?"

"Yangu."

"Shule ya kuigwa ni ipi?"

"Jiweni."

"Na dada yangu anakaa wapi?"

"Jiweni."

"Sasa kesi iko wapi?"

Watu hututania sisi Wapare kwamba tunapenda kesi kuliko chakula. Mimi nilikuwa nimeshindwa kesi nyumbani kwangu kwa ushahidi wa mkono wangu mwenyewe. Ikakubaliwa kwamba Nakijwa atakaa kwa shangazi yake wiki nzima, atarudi kwetu Jumamosi. Mtoto alisikia, akaenda kukaa karibu na mbuzi.

Nilimweleza Mzee Mbwambo ofisini, nikitegemea anipongeze. Alikuna kidevu. Akasema, "Alhamisi ijayo tunapanda kukagua Jiweni na Mferejini. Wewe utakuwa likizo. Mchukue mtoto, mteremke kwa miguu kwenda kuona hiyo shule. Acha faili, acha viatu vya kazini. Nenda kama mama."

Basi Alhamisi nikajifunga khanga, nikavaa kandambili, nikabeba mkungu mdogo wa ndizi wa kumpelekea wifi yangu, tukaanza kushuka njia ya mkato, mimi na Nakijwa. Asubuhi nzuri, ukungu umeanza kuinuka, na kule chini unaona barabara inavyojikunja. Nikaona vumbi. Nikajua ni Landrova yetu, na nikajua hata kwamba Mzee Mbwambo yuko karibu kutapika. Nilicheka peke yangu.

Mara nikasikia vishindo nyuma. Watoto wa shule, kama thelathini hivi, wanashuka kwa mbio, kila mmoja ana furushi kichwani limefungwa kwa khanga. Tukawapisha pembeni. Wa mbele alikuwa msichana mrefu wa darasa la saba, naye akasimama kwa adabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mnakimbilia wapi na mizigo?"

"Jiweni. Wakaguzi wanakuja, gari limeonekana."

"Mmebeba nini?"

"Vitabu."

"Vya Jiweni?"

"Hapana, vyetu. Wakija wakaguzi tunavipeleka Jiweni, wakiondoka tunavirudisha." Aliniambia kama mtu anayeeleza jinsi ya kuteka maji. "Samahani mama, tukichelewa watatugombeza."

"Ngoja. Nionyeshe kimoja."

Akafungua furushi. Karatasi ya mfuko wa saruji, pembe zimekunjwa safi kabisa. Nikaivua ile karatasi. Chini yake, juu ya jalada lenyewe, kulikuwa na mhuri wa rangi ya zambarau: Shule ya Msingi Mferejini. Nikachukua cha pili. Mhuri. Cha tatu. Mhuri.

"Hizi karatasi mliweka ninyi?"

"Mwalimu Mkuu wa Jiweni ndiye aliyesema tuvifunike, visichafuke njiani."

Wakaondoka mbio. Mimi nilikaa kwenye ukingo wa mfereji, mkungu wa ndizi mapajani, nikacheka mpaka Nakijwa akaanza kucheka naye bila kujua tunachekea nini. Majalada nadhifu. Niliyasifia majalada nadhifu, na majalada yaliwekwa ili mimi nisione mhuri. Halafu kicheko kikaniishia, kwa sababu nilikumbuka lile sweta la kijani, na yule mtu akitazama viatu vyake, na mimi naandika uongozi dhaifu kwa wino wa serikali. Niliona haya mpaka masikio yakawa moto.

Ndipo nikaelewa hesabu yote ya mlima. Mferejini iko juu, wanaliona gari likiwa bado kona za chini kabisa. Vitabu vinashuka kwa miguu vinafika Jiweni kabla ya wakaguzi. Wakaguzi wakimaliza Jiweni, gari linapanda Mferejini kwa barabara, na watoto ndiyo kwanza wanaanza kupanda mlima na mizigo. Gari linashinda. Mkaguzi anakuta rafu tupu.

Tulifika Jiweni, sikwenda ofisini. Nilisimama na akina mama wengine nyuma ya darasa la kwanza. Watoto walikuwa wamejazana kama maharage kwenye debe, na mwalimu hakuwepo. Dada mkuu wa shule alikuwa mlangoni na fimbo, kazi yake kunyamazisha. Nikamuuliza mtoto wa dirishani mwalimu wao yuko wapi. "Anauza maandazi," akasema, "akimaliza atakuja." Simlaumu mwalimu yule, na nyie msimlaumu. Mshahara ule hata kuku asingeukubali. Lakini nilimtazama Nakijwa, amejificha kwenye khanga yangu kwa sababu ya ile fimbo, na nikajua kwamba ningemleta hapa kwa saini yangu mwenyewe.

Kesho yake nikaenda kwa Mwalimu Nathanaeli. Nilimwamkia, nikakaa, nikasema tu, "Mwalimu, vitabu ni vyenu."

Akainuka akafunga mlango. "Ni vya wazazi," akasema. "Vya serikali vilipoacha kuja, tuliita msaragambo. Kila nyumba ikalima shamba la shule, tukateremsha maharage gulioni, tukanunua vitabu madukani. Sasa si vinauzwa tu kama chumvi."

Nyie wa siku hizi neno msaragambo mnalisikia kwa wazee tu. Ni kazi ya wote. Pembe ikilia, kila nyumba inatoa mtu, iwe kuzibua ndiva ya kukusanyia maji ya kumwagilia, iwe kujenga daraja. Usipotokea, watu hawakusahau upesi.

"Wazazi wamevuja jasho namna hiyo," nikamwambia, "na wewe umekaa kimya niandike huna vitabu?"

"Mwalimu Mkuu wa Jiweni ni baba wa mke wangu."

Nikasogeza kiti karibu.

"Angekuwa mtu mwingine ningemwambia hapana," akaendelea. "Lakini anakuja mkwe mwenyewe mpaka mlangoni, amevaa koti, ukimkaribisha kiti hakai. Anasema, mwanangu, naomba uniazime vitabu, wageni wanakuja. Wewe ungemjibu nini?"

Nilikuwa naishi kwenye shamba la baba mkwe. Nilikuwa nikimsikia akikohoa nje nafunga khanga ya pili. Ningemjibu nini? Ningemwongezea na madawati.

"Kwa nini lakini nyote wawili hamkuniambia baadaye?"

"Yeye angeaibika. Mimi ningekuwa nimemwaibisha." Akavuta sweta lake. "Naomba usiliandike hilo, mkaguzi. Niandikie udhaifu mwingine. Ninao wa kweli, choo cha wavulana kinataka kuanguka."

Nikaenda kukiona choo, na kweli kilikuwa kinataka kuanguka. Halafu nikaomba nikae darasa la kwanza.

Mwalimu wa la kwanza aliitwa Mwalimu Namsifu, mama mtu mzima, hodari kuliko wote pale, na Mwalimu Nathanaeli alikuwa amemweka huko kwa makusudi. Ubao wake ulikuwa umepakwa weusi wa betri chakavu zilizopondwa. Watoto walihesabu kwa punje za mahindi. Kulikuwa na mtoto mmoja wa kiume mzito wa kujibu. Akaulizwa tano ukiongeza tatu. Mtoto akaganda. Mimi nilijua kitakachofuata, nimekiona kwenye madarasa mengi: mwalimu anamkazia macho, darasa zima linageuka kumtazama, mtoto anayeyuka. Mwalimu Namsifu akageuka, akaanza kuufuta ubao uliokuwa tayari msafi. Aliufuta polepole, kisogo kwa watoto. Wengine nao wakainamia punje zao. Hakuna aliyemtazama yule mtoto. Baada ya muda mrefu ikasikika sauti nyuma, "Nane." Mwalimu akasema, "Nane," akaendelea na somo kana kwamba hakuna lililotokea.

Nilitoka pale nusura niruke kamba na watoto uwanjani. Miaka yote nimebeba fomu zenye sehemu ya kuandika idadi ya madawati, na hakuna sehemu ya kuandika kwamba mwalimu amefuta ubao msafi.

Jumatatu nikashuka ofisini kuungama dhambi zangu kwa Mzee Mbwambo. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akanisimulia ya kwake. Zamani, kila shule ilipotakiwa kuwa na mradi, alikagua kuku katika shule tatu kwa siku moja, akazisifia zote tatu. Kwenye shule ya tatu jogoo mmoja alimdonoa mguuni, na alipoinama kutazama aliona jogoo hana kidole kimoja, akakumbuka kwamba asubuhi, kwenye shule ya kwanza, alimwonea huruma jogoo asiye na kidole kimoja. "Nilishuku habari ya vitabu vya Jiweni tangu niliposoma ripoti yako," akasema. "Lakini ningekwambia mimi, ungebisha."

Alisema kweli. Ningebisha.

Tukakubaliana tusimwandike mkwe wala mkwe. Muhula uliofuata tulipanda kwa miguu kutoka upande wa juu, alfajiri, hakuna gari la kuona, tukaanzia Mferejini. Vitabu vilikuwa kwenye rafu, majalada yamevuliwa. Nikaandika nilichokiona. Jiweni nayo nikaandika nilichokiona, pamoja na la kwanza kukosa mwalimu, na nikampelekea Mwalimu Mkuu wa Jiweni ripoti kwa mikono miwili. Aliisoma yote akiwa amesimama. Akasema, "Mama, nimezeeka vibaya." Mwaka uliofuata pembe ililia Jiweni, watu wakalima maharage. Walichelewa kuanza, lakini walianza.

Kwa Elisante kulikuwa kugumu zaidi. "Kwa hiyo saini yako haina thamani," alisema. Nikamwambia ile ya kwanza haina. Nikamsimulia ubao uliofutwa. Mume wangu ni mtu wa karatasi, hapendi habari zisizo na mhuri, lakini akauliza, "Huyo mwalimu alifuta muda gani?" Nikamwambia ungeweza kumenya ndizi mbili. Akasema, "Basi twende Mferejini."

Januari tukamshika Nakijwa mikono, mimi huku, baba yake huku, tukaenda kumwandikisha. Alivaa sare iliyoshonwa kutoka gauni la mitumba, kola imekaa upande. Ofisini Mwalimu Nathanaeli alifungua daftari kubwa, akaandaa kalamu, akamtazama mtoto.

"Mwanangu, unaitwa nani?"

"Anaitwa Na..." nikaanza mimi.

Mwalimu hakunigeukia. Akasema kwa upole, "Mama, nimemuuliza yeye."

Nikafunga mdomo. Nyie, ukimya ule sijausahau. Nakijwa akavuta pumzi, akatoa "Na," ikakwama, mishipa ya shingo ikasimama. Kila kitu ndani yangu kilitaka kummalizia. Nilikuwa nimemmalizia maneno tangu alipoanza kusema, dukani, kanisani, kwa bibi yake, kila mahali, nikiamini kwamba huko ndiko kumpenda. Nilizunguka mlima mzima nikitafuta mwalimu atakayemngoja mwanangu aseme. Mimi mwenyewe sikuwahi kumngoja hata mara moja.

Mwalimu alingoja, kalamu juu ya karatasi.

"Nakijwa," akasema mtoto. Akapumua. "Nakijwa Elisante."

Mwalimu akaandika. Kisha akamuuliza anakaa upande gani wa kijiji. Nakijwa akafungua mdomo, neno likakataa, akageuka kunitazama nimsaidie. Nikainuka kwenye kiti, nikamvuta Elisante shati, tukatoka nje tukawaacha wenyewe.